Nightingale: Muuguzi aliyefungua daftari la vifo

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Mei 12, wauguzi katika miji mingi ya Afrika Mashariki huvaa sare zao, huwasha mishumaa na kurudia kiapo cha kazi yao. Mishumaa hiyo ni kumbukumbu ya taa aliyoibeba mwanamke wa Kiingereza, Florence Nightingale, alipokuwa akiwazungukia usiku askari wagonjwa katika hospitali ya Scutari, nchini Uturuki, wakati wa Vita vya Crimea.

Habari ya taa inafahamika. Isiyofahamika sana ni habari ya daftari.

Mwanamke huyo alikaa vitani kwa muda usiotimia miaka miwili. Lakini sehemu kubwa ya miaka takriban 40 iliyofuata aliitumia kupigania jambo lisilo na mvuto wa picha wala wimbo. Alitaka kila mgonjwa anayeingia hospitalini aandikwe, kila anayetoka aandikwe, kila anayekufa aandikwe pamoja na sababu ya kifo chake, na hospitali zote ziandike kwa namna moja ili hesabu zao ziweze kulinganishwa.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nightingale aligundua kwamba hata uhai wa watu hupotea hivyo hivyo. Uzito wa habari yake ni kwamba hesabu alizozidai kwa nguvu zote ndizo zilizokuja kumwonyesha vifo vilivyotokea chini ya paa alilolihudumia yeye mwenyewe.

Binti wa tajiri aliyependa hesabu

Florence Nightingale alizaliwa Mei 12, 1820, katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa katika safari ndefu ya Ulaya, na akapewa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, Parthenope, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, naye alipewa jina la kale la mji wa Naples alikozaliwa.

Baba yao, William Edward Nightingale, alikuwa mtu wa mali mwenye nyumba mbili kubwa, moja Derbyshire na nyingine Hampshire. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Aliwafundisha binti zake mwenyewe Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, historia na falsafa, elimu ambayo zama hizo ilidhaniwa kuwa haki ya wavulana.

Florence hakutosheka na lugha. Alitaka kufundishwa hesabu, na mama yake aliona kuwa elimu hiyo haimfai msichana anayetarajiwa kuolewa na kuendesha nyumba. Binti huyo hakukata tamaa. Katika ujana wake alizoea kuamka alfajiri, kabla nyumba haijachangamka, akasoma taarifa za hospitali na ripoti za serikali kuhusu afya ya umma, huku akijaza madaftari yake kwa tarakimu.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kuwa Mungu amemwita kumtumikia. Baadaye alitambua kuwa utumishi huo ungekuwa katika kuhudumia wagonjwa. Familia yake ilishituka, kwani uuguzi wakati huo ulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake wa chini, walevi na wasio na heshima. Mwaka 1845 alipoomba ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury, wazazi wake walikataa katakata.

Aliendelea kungoja. Mwaka 1849 alimkataa mchumba wa heshima, Richard Monckton Milnes, ambaye alimsubiri kwa miaka kadhaa, akiona kuwa ndoa ingemfunga katika maisha ya sebuleni. Mwaka 1851 alipata miezi mitatu ya mafunzo huko Kaiserswerth, Ujerumani. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 33, alikabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Ndipo vita vilipozuka.

Hospitali iliyokuwa kaburi

Machi 1854, Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa dola ya Uturuki dhidi ya Urusi. Majeshi yalipelekwa katika rasi ya Crimea, na wagonjwa wa Uingereza wakawa wanavushwa kwa meli katika Bahari Nyeusi hadi Scutari, mkabala na Istanbul, ambako kambi kubwa ya askari wa Kituruki iligeuzwa kuwa hospitali.

Taarifa rasmi zilikuwa za kuridhisha. Mkuu wa waganga wa jeshi huko vitani, John Hall, aliijulisha London katika msimu wa vuli wa 1854 kwamba hospitali ya Scutari iko katika hali njema na haipungukiwi na kitu muhimu. Habari za waandishi wa gazeti la The Times zilisema kinyume chake, kwamba majeruhi walilala bila matandiko, bila bandeji na bila watu wa kuwahudumia.

Wananchi walighadhibika. Sidney Herbert, waziri aliyeshughulikia fedha na utawala wa jeshi na rafiki wa Nightingale, alimwomba aongoze kundi la wauguzi. Aliondoka London Oktoba 21, 1854, akiwa na wanawake 38, akafika Scutari Novemba 4.

Alichokikuta kimesimuliwa mara nyingi. Vitanda vilijaa hadi korido, sakafu zikaoza, panya wakazagaa, na harufu ya vyoo ikaenea kila wodi. Bohari ilikuwa na taratibu zake, na mzigo wa mashati uliokwisha kufika uliweza kukaa bila kufunguliwa hadi bodi ya maofisa ikutane na kuukagua, huku askari wakitetemeka kwa baridi mita chache kutoka hapo. Karatasi zilikuwapo tele katika jeshi lile, isipokuwa zile za kueleza nani yu hai na nani amekufa.

Nightingale alinunua vifaa kwa fedha zilizochangwa na wasomaji wa gazeti pamoja na fedha zake mwenyewe. Alipanga jiko, alianzisha dobi, akaandika barua kwa familia za marehemu. Hata hivyo, vifo havikupungua. Vilizidi. Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa Scutari, takriban 42 walikufa.

Mapema Machi 1855 ilifika tume ya usafi iliyotumwa na serikali mpya mjini London, ikiongozwa na daktari John Sutherland, akiwamo pia mhandisi Robert Rawlinson. Wajumbe hao hawakuanza na wagonjwa. Walianza na jengo. Waligundua kuwa hospitali ile imesimama juu ya mitaro ya maji machafu iliyoziba, na kwamba maji yaliyotumika yalichafuliwa na mizoga. Waliamuru mitaro izibuliwe, taka ziondolewe, kuta zipakwe chokaa na madirisha yafunguliwe.

Kufikia Juni mwaka huo, vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban wagonjwa wawili katika kila 100.

Rejista tatu, hesabu tatu

Katikati ya shughuli hizo, Nightingale aligusa jambo ambalo halikumwacha tena. Alitaka kujua ni askari wangapi waliokufa Scutari, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Rejista zilikuwapo tatu. Ya kwanza ilitunzwa na ofisa wa utawala na iliorodhesha waliozikwa kila siku. Ya pili ilikuwa ya waganga. Ya tatu ilikuwa ya ofisi ya kambi. Zote tatu zilihesabu watu wale wale katika jengo lile lile, na kila moja ilitoa jumla tofauti. Mamia ya askari waliozikwa hawakuonekana kabisa katika orodha ya waganga.

Hali kadhalika, majina ya magonjwa hayakuwa na utaratibu. Mganga mmoja aliandika homa, mwingine aliyaita maradhi yale yale kuhara, wa tatu aliandika udhaifu wa mwili. Kwa mtu anayetaka kujua ni nini kinachowaua askari, vitabu vile havikuwa na msaada wowote.

Hapo ndipo taarifa ya John Hall ilipopata maelezo yake. Bila hesabu, mkuu anaweza kuripoti kuwa mambo ni shwari na asiwepo wa kumsuta. Haikuwa lazima awe mwongo. Ilitosha kwamba hakuwa na chombo cha kumwonyesha ukweli.

Mei 1855, Nightingale mwenyewe aliugua homa kali alipokwenda Balaclava, Crimea, na nusura afe. Alirejea Uingereza Agosti 1856, amekonda na amechoka, lakini jina lake likiimbwa kila mtaa. Alikataa mapokezi ya hadhara. Alikuwa na kazi nyingine kichwani.

Mtakwimu na muuguzi

Septemba 1856 alikutana na Malkia Victoria na mumewe, Prince Albert, huko Scotland, akawaeleza haja ya kuunda tume ya kifalme kuchunguza afya ya jeshi. Tume hiyo iliundwa Mei 1857 chini ya Sidney Herbert. Mwanamke hakuweza kuwa mjumbe, kwa hiyo Nightingale alifanya kazi nyuma ya pazia, akiandaa maswali, kuchambua majibu na kuandika ripoti yake mwenyewe yenye mamia ya kurasa, iliyochapishwa mwaka 1858 bila kuuzwa hadharani.

Mshauri wake mkuu alikuwa William Farr, daktari aliyekuwa mtakwimu wa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo ya Uingereza. Farr alikuwa ametumia miaka mingi kupanga sababu za vifo vya raia katika makundi yanayoeleweka. Alimfundisha Nightingale kulinganisha vifo kwa umri na kwa idadi ya watu, ili jeshi lilinganishwe na raia kwa haki.

Matokeo yalitisha. Katika vita nzima, takriban askari 16,000 wa Uingereza walikufa kwa maradhi, ilhali waliouawa na adui au kufa kwa majeraha hawakufikia 5,000. Januari 1855 peke yake, vifo 2,761 vilitokana na maradhi ya kuambukiza yaliyoweza kuzuilika, na vifo 83 vilitokana na majeraha. Kama kasi ya mwezi ule ingeendelea kwa mwaka mzima, jeshi lote la watu zaidi ya 32,000 lingemalizwa na maradhi bila Mrusi kufyatua risasi.

Januari 1856, mwaka mmoja baadaye, vifo vya maradhi hayo vilikuwa 42. Ni kweli kwamba Sevastopol ilikuwa imekwisha anguka na askari hawakuwa tena katika mahandaki. Lakini tofauti hiyo kubwa ilionyesha nini kingewezekana kama usafi, chakula na makazi vingepangwa mapema.

Tarakimu nyingine iliwagusa zaidi wanasiasa, kwa kuwa ilihusu wakati wa amani. Askari vijana waliokaa katika kambi za nyumbani Uingereza, watu waliochaguliwa kwa afya zao, walikuwa wakifa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya raia wa umri wao. Kambi zenyewe ndizo zilizowaua.

Hesabu hizo zilikuwa na jambo jingine chungu. Alipokuwa Scutari, Nightingale aliamini kuwa vifo vilisababishwa zaidi na ukosefu wa vifaa na chakula, na kwamba wagonjwa walifikishwa kwake wakiwa wamekwisha dhoofika. Tarakimu zilipopangwa pamoja na Farr baada ya vita, zilionyesha mzigo mzito uliotokana na jengo lenyewe, mitaro yake na hewa yake. Wanaume waliokuja kutafuta uzima walikuta chanzo cha kifo chini ya sakafu ya wodi, wakati yeye akiwafunga bandeji juu yake.

Mtu mwingine angeweza kuifunika habari hiyo, hasa akiwa shujaa wa taifa. Nightingale aliichapisha. Katika maandishi yake ya baadaye, Scutari ilibaki mfano wake mkuu wa jinsi hospitali inavyoweza kuua.

Mchoro kwa wasiosoma jedwali

Nightingale alifahamu kuwa mawaziri na wabunge hawasomi majedwali. Mwaka 1858 alichapisha michoro ya duara iliyogawanywa katika vipande 12, kila kipande kikiwakilisha mwezi mmoja wa vita. Rangi ya buluu ilionyesha vifo vya maradhi yanayozuilika, nyekundu vifo vya majeraha, na nyeusi vifo vya sababu nyinginezo. Ukubwa wa eneo la rangi ulilingana na kiwango cha vifo.

Aliyeutazama mchoro ule hakuhitaji kujua hesabu. Buluu ilifurika karatasi, na nyekundu ilibaki kama utepe mwembamba katikati. Nakala zilipelekwa kwa Malkia, kwa mawaziri na kwa wakuu wa jeshi.

Mwaka huo huo wa 1858, Chama cha Takwimu cha London kilimchagua kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo.

Tume ya kifalme ilizaa kamati nne za utekelezaji. Moja ilishughulikia ukarabati wa kambi, ya pili kanuni za hospitali za jeshi, ya tatu chuo cha tiba cha jeshi, na ya nne mfumo wa takwimu wa idara ya tiba. Kuanzia taarifa za mwaka 1859, jeshi la Uingereza lilianza kuchapisha kila mwaka ripoti ya afya, magonjwa na vifo vya askari wake popote walipokuwa. Katika muda mfupi, taarifa hizo zilihesabiwa miongoni mwa bora kabisa barani Ulaya.

Fomu moja kwa hospitali zote

Baada ya jeshi, Nightingale aligeukia hospitali za raia. Alikuta kila moja ikiandika kwa mtindo wake, na magonjwa yakiitwa kwa majina tofauti. Hospitali iliweza kujivunia vifo vichache kwa sababu tu iliwaruhusu waliokuwa mahututi wakafie nyumbani.

Kwa msaada wa Farr na madaktari kadhaa, alitengeneza fomu moja ya kutumiwa na zote. Mambo yaliyotakiwa hayakuwa mengi: wagonjwa waliokuwamo mwaka ulipoanza, walioingia, waliopona au kupata nafuu, walioondoka bila kupona, waliokufa, waliobaki mwaka ulipokwisha, na wastani wa siku ambazo kila mgonjwa alikaa wodini. Yote hayo yaandikwe kwa kila ugonjwa, kwa jinsia na kwa umri.

Msomaji yeyote aliyewahi kufunga mahesabu ya duka ataitambua busara ya fomu hiyo. Waliokuwamo wakijumlishwa na walioingia, lazima walingane na waliotoka, waliokufa na waliobaki. Hakuna mgonjwa anayeweza kupotea kati ya mistari, kama mamia walivyopotea Scutari.

Julai 1860, Mkutano wa Kimataifa wa Takwimu ulifanyika London na Prince Albert akaufungua. Mapendekezo ya Nightingale yaliwasilishwa na kuungwa mkono. Baadhi ya hospitali kubwa za London zilikubali kuijaribu fomu yake, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Chama cha Takwimu.

Kisha jaribio likafifia. Hospitali zililalamika kuwa kazi ya kujaza ni ndefu, inahitaji makarani, na makarani wanahitaji mishahara. Madaktari wa upasuaji waliogopa kuwa hospitali inayopokea majeruhi wa ajali ingeonekana mbaya kuliko inayopokea wenye magonjwa mepesi. Hofu hiyo haikuwa ya bure.

Ushahidi ulitolewa na Farr na Nightingale wenyewe. Katika toleo la mwaka 1863 la kitabu chake kuhusu hospitali, Nightingale alitumia jedwali la Farr lililoonyesha kuwa vifo katika hospitali 24 za London vilifikia asilimia 90 mwaka 1861. Farr alichukua vifo vya mwaka mzima akavigawa kwa idadi ya wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja tu, siku ya sensa. Kwa kuwa kitanda kimoja hupokea wagonjwa wengi katika mwaka, hesabu hiyo haikuonyesha uwezekano wa mgonjwa kufa.

Madaktari waliirarua hesabu hiyo katika majarida yao, na walikuwa na haki. Tukio hilo lilionyesha kuwa mfumo wa taarifa unahitaji mambo mawili: kuandika kwa ukamilifu, na kugawa kwa idadi iliyo sahihi. Likikosekana la pili, daftari safi kabisa linaweza kumpaka matope asiye na hatia.

Wodi aliyoifunga

Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na umma kumshukuru, Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Fedha hizo hizo zilifungua pia wodi ya wazazi katika hospitali ya King's College, ambako wanawake maskini wangejifungulia na wakunga wangefunzwa.

Wanawake walianza kufa kwa homa ya uzazi. Wodi ilifungwa mwaka 1867. Nightingale hakuishia hapo. Alikusanya hesabu kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya ili kujua mama anayejifungulia hospitalini ana nafasi gani ya kurudi nyumbani akiwa hai.

Kitabu alichokichapisha mwaka 1871 kilianza na masikitiko kwamba takwimu za kuaminika za vifo vya wazazi zilikuwa chache mno. Zilizokuwapo zilionyesha kuwa katika wodi yake mwenyewe walikufa takriban wanawake 33 katika kila 1,000 waliojifungua, ilhali kwa nchi nzima, ambako wengi walijifungulia nyumbani, walikufa takriban watano. Hakutafuta wa kumlaumu. Aliziweka tarakimu za wodi yake mbele ya wasomaji na kutaka wodi za wazazi zitenganishwe na hospitali za kawaida.

Kitandani akiongoza kwa barua

Ugonjwa alioupata Crimea, unaodhaniwa na wengi kuwa aina sugu ya homa itokanayo na mifugo, ulimrudia mara kwa mara. Kuanzia mwaka 1857 aliishi zaidi chumbani mwake, akifanya kazi kitandani kwa barua. Agosti 1861 alipata pigo jingine, alipofariki Sidney Herbert, mshirika wake serikalini.

Hata hivyo, kazi yake ilivuka bahari. Tume ya kifalme ilipoundwa mwaka 1859 kuchunguza afya ya jeshi nchini India, Nightingale aliandaa maswali yaliyotumwa katika kambi za nchi hiyo, kuhusu maji, vyoo, majengo, magonjwa na vifo. Majibu yalirudi kwa mafungu makubwa, akayachambua bila kukanyaga India hata siku moja. Ripoti ya mwaka 1863 ilionyesha kuwa vifo vya askari wa Kiingereza huko vilikuwa 69 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Muongo mmoja baadaye vilikuwa vimeshuka hadi takriban 18.

Kwa miaka iliyofuata alihama kutoka afya ya askari hadi afya ya Wahindi wenyewe, akiandika kuhusu njaa, umwagiliaji na usafi wa vijiji.

Hakufanikiwa katika kila jambo. Aliomba sensa ya mwaka 1861 iulize kuhusu wagonjwa na hali ya nyumba, akakataliwa. Mwaka 1891 alijaribu kuanzisha kiti cha uprofesa wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alilalamika kuwa mawaziri na maofisa wana taarifa nyingi ofisini lakini hawajafundishwa kuzitumia. Mpango huo haukutimia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alipoteza uwezo wa kuona, na kumbukumbu zake zikafifia. Mwaka 1907 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Ustahili ya Mfalme wa Uingereza. Alifariki dunia London Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90.

Serikali ilikuwa tayari kumzika Westminster Abbey, wanakozikwa wafalme. Familia ilifuata matakwa yake, akazikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji cha East Wellow, Hampshire. Juu ya kaburi hakuna sifa. Kuna herufi mbili za jina lake, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa.

Daftari limefika kwetu

Fomu yake iliyokataliwa haikufa. Orodha ya magonjwa ambayo Farr alianza kuipanga ilikua hadi kuwa orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, ikaidhinishwa mwaka 1893, na tangu 1948 iko chini ya Shirika la Afya Duniani. Toleo lake la 11 lilianza kutumika mwaka 2022. Mwaka 1948 pia Uingereza iliunganisha hospitali zake katika huduma moja ya taifa, na hapo hospitali kuandika kwa namna moja likawa jambo lisiloepukika.

Aprili 2020, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake, Uingereza ilifungua hospitali ya muda ya wagonjwa wa corona jijini London na kuipa jina la Nightingale. Ugonjwa huo uliirudisha dunia nzima kwenye swali la Scutari. Kila nchi iliulizwa ni watu wangapi waliokufa, na nyingi ziligundua kuwa zina orodha zaidi ya moja zisizokubaliana.

Nchini Tanzania, muuguzi wa zahanati anayemaliza zamu huketi na vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, akajaza walioingia, waliotibiwa na waliofariki. Hesabu hizo hupanda hadi wilayani, kisha huingizwa katika kompyuta kwa programu ya DHIS2, ambayo inatumika pia Kenya na katika nchi nyingine nyingi.

Kazi hiyo huchosha. Foleni inakuwa ndefu, muuguzi yuko peke yake, na kitabu huonekana kama kikwazo kati yake na mgonjwa. Malalamiko hayo ndiyo yale yale ya hospitali za London za mwaka 1862, na hayapaswi kupuuzwa. Mfumo unaomtaka muuguzi aandike bila kumrudishia lolote utajazwa kwa haraka mwisho wa mwezi, kwa tarakimu za kukisia.

Lakini mstari mmoja uliorukwa katika kitabu kile unaweza kuwa mama aliyekufa kwa homa ya uzazi, na mistari kumi iliyorukwa inaweza kuwa mlipuko wa kipindupindu ambao makao makuu hayataujua mpaka makaburi yaongezeke. Nightingale aliliona hilo katika rejista tatu za Scutari, na mamia ya askari waliozikwa bila kuandikwa na waganga wao ndio waliomfundisha.

Wauguzi watakapowasha tena mishumaa Mei 12, inafaa wakumbuke pia kalamu aliyoishika mwenye taa ile baada ya kumaliza kuwazungukia wagonjwa wake.